Barabara ya Msimu wa Pili

"Wasee, sikizeni hii," Maxwel akasema bila kuinua macho kwenye simu. "Season two ya Kiti cha Sarobo imeangaliwa na watu milioni mbili kwa wiki moja! Wanaandika hapa ati Kenya haijawahi ona drama ya siasa kali kama hii."

"Kenya gani hiyo?" mzee Nderitu akauliza huku akipuliza chai yake. "Kwa Kenya yangu mimi huona drama ya siasa kila jioni kwa taarifa ya habari, na sinunui bando."

Benchi zima likacheka. Lilikuwa benchi la mbao la kawaida tu, mbele ya kibanda cha chai cha Wariara, katika senta ya Kwa Mbirika, juu ya bonde la Subukia, kilomita saba za matope kutoka kwenye lami. Wenyeji waliliita kamukunji, yaani baraza la hadhara. Ukiketi hapo umekubali mambo mawili: kuitwa jina usilopewa na mama yako, na kusemwa ukiwa unasikia. Nderitu, karani wa mahakama aliyestaafu, aliitwa Hansadi, kama kumbukumbu za Bunge, kwa sababu hakusahau neno lolote lililowahi kutoka kinywani mwa mwanasiasa. Maxwel, kijana aliyechaji simu za watu na kuonyesha mpira katika chumba chake cha mabati, aliitwa Rimoti. Wariara mwenyewe alikuwa Spika. Yeye ndiye aliyeamua nani aseme na nani anyamaze, na asiyeagiza chai hakuwa na haki ya kuchangia hoja.

Wa nne aliitwa Lita. Huyo ni Kiplimo, mbebaji wa maziwa kwa pikipiki na mwenyekiti wa kamati ya barabara. Siku hiyo hakucheka. Alikaa pembeni, buti zimejaa matope hadi juu, na pikipiki yake imesimama kando na mitungi mitatu iliyorudi vile ilivyoenda, imejaa. Mtambo wa kupoza maziwa kule kwenye lami hupokea mpaka saa tatu asubuhi. Yeye alikwama mlimani akafika saa nne kasorobo. Msichana wa kupima akatia spiriti kidogo kwenye kijiko cha maziwa, yakaganda, ishara kwamba yameanza kuchacha, akamwambia pole. Maziwa ya boma kumi na moja yakageuzwa kurudi nyumbani.

Na hayo ya maziwa yalikuwa afadhali. Lililomkaa kooni lilikuwa mfukoni mwa jaketi, barua aliyokabidhiwa pale pale kwenye lami na mtu wa ofisi ya wadi. Ombi la kutengenezewa barabara lilikuwa limekataliwa. Orodha ya barabara za mwaka huu ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni. Kwa Mbirika ikikosa, hakuna greda mpaka mwaka ujao, na masika itawakuta hapo hapo wakimwaga maziwa shambani. Sababu ya kukataliwa ilikuwa imeandikwa pia, na sababu yenyewe ndiyo iliyomtia Kiplimo aibu ya kuitoa barua hadharani.

"Lakini ni kali, mzee, tuwe wakweli," Rimoti akashikilia. "Season one inaisha gavana amewekewa sumu kwa uji. Amekufa kabisa. Season two inaanza, anaamka mochari!"

"Gavana kuamka mochari mimi naamini," Hansadi akasema. "Hao watu ukiwazika unafaa uketi hapo kidogo uangalie. Ile sikuamini ni ule msichana mpelelezi. Anaingia ofisi ya serikali saa mbili asubuhi, anapata karani ako kwa kiti. Anaitisha faili. Faili inapatikana! Hapo nikazima."

"Hukuzima, mzee," Wariara akamrukia kutoka ndani ya kibanda. "Stima ilipotea."

"Ilipotea nikiwa nanyoosha mkono nizime."

"Na ile ya waziri?" Wariara akatoka nje na birika mkononi, maana hoja hiyo haikuwezekana kuchangiwa kutoka jikoni. "Ati ameshikwa na aibu. Anaandika barua ya kujiuzulu, machozi inaanguka kwa karatasi. Ngai! Aibu alinunua duka gani? Hapa kwetu bado haijaletwa."

"Mathe, hiyo ni fiction. Ni ya kutunga."

"Basi waongeze na malaika wenye mabawa, tujue moja."

"Wacha hiyo," Hansadi akasema. "Mlitazama ile ya magari kufukuzana? Gari ya wauaji inakimbia mia moja ishirini, kwa hii barabara yetu! Hii hapa! Kwa hiyo mlima hata mbuzi hupanda na gia ya kwanza."

Wakacheka tena mpaka mtu wa kushona viatu upande wa pili akageuka kuwatazama. Rimoti akampiga Kiplimo begani.

"Na wewe staa mbona umenyamaza? Umeonekana season two kuliko hata mke wa gavana, na hutusalimii?"

Kiplimo akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Ni kweli, alikuwa ameonekana. Wale watu wa filamu walikuja Kwa Mbirika mwezi wa pili, malori matatu na mahema, wakisema wametafuta bonde zima sura ya kaunti ya Sarobo, ambayo haiko popote kwenye ramani, na wameipata hapa. Walikuja pia na greda. Jumatatu ile greda ilisawazisha mita mia nne, kutoka kanisani mpaka kwenye kibanda cha Wariara, maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, ikamwagwa na kushindiliwa, utepe ukafungwa. Gavana wa kuigiza akaukata. Akina mama waliimba kwa koo zao zote, na haikuwa kuigiza. Kiplimo alipita hapo na pikipiki mara mbili bila sababu, kwenda na kurudi, ili tu asikie mitungi yake imenyamaza.

Alhamisi greda ikarudi. Ikashusha meno yake na kuilima ile barabara yote, kisha likaja lori la maji likamwagia. Kiplimo alitoka mbio mpaka kwa mkurugenzi wa filamu, mwanamume mfupi mwenye kofia, akamuuliza wamekosa nini. Yule akamweleza kwa upole kwamba kwenye filamu mwisho unaweza kupigwa picha kabla ya mwanzo. Jumatatu walipiga mwisho, watu wakiwa wamefurahi. Leo wanapiga mwanzo, watu wakiwa bado wanateseka.

"Lakini sisi tulikuwa tumeshamaliza kuteseka," Kiplimo alimwambia.

"Vumilia mpaka Jumamosi, boss," mkurugenzi akajibu. "Ndio scenes ziungane."

Jumamosi waliondoka, na greda wakaondoka nayo.

"Mimi hiyo ndio sehemu pekee nilipenda," Hansadi akasema Rimoti alipoyakumbusha hayo. "Barabara inafunguliwa Jumatatu, Alhamisi haiko. Hapo hawakutunga kitu. Hapo walisema ukweli mtupu."

"Mzee, usicheke," Kiplimo akasema.

"Nicheke nini na nilikuwa nimeshazoea kupita hapo na viatu vya kanisa?"

"Nasema usicheke kwa sababu hamjasikia ile imenipata." Akaitoa barua. Mficha uchi hazai, na saa ilikuwa inakwenda. "Ombi letu limekataliwa. Nimepewa hii asubuhi."

Hansadi akavaa miwani. Ilipofika karatasi ya ofisi, hakuna aliyethubutu kumnyang'anya kazi hiyo, naye huisoma kwa sauti ile ile aliyowasomea watu mashtaka miaka thelathini.

"'Ombi la kamati ya barabara ya Kwa Mbirika limekataliwa, kwa kuwa barabara iliyotajwa, kilomita saba, imeshakamilika kwa kiwango cha maramu na kupokelewa na wananchi. Tazama cheti kilichoambatishwa.'" Akafunua cheti. "'Imepokelewa kwa niaba ya wananchi na mwenyekiti, Kiplimo...' Na nambari ya kitambulisho. Na sahihi. Lita! Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Umepokea kilomita saba ya barabara na hukutuita hata tukanywe soda?"

Benchi likapasuka. Rimoti alicheka akainama mpaka simu ikamponyoka. Wariara aliweka birika chini ili acheke vizuri.

"Ilikuwa ile Jumatatu ya utepe," Kiplimo akasema, masikio yakimuwaka. "Waliniambia mwenyekiti anafaa apokee barabara mbele ya gavana. Wakanipea fomu na kalamu. Kamera ikaja karibu. Nikaandika."

"Buda! Si ungeandika jina la uwongo?"

"Ama uchore tu laini imejikunja kama ya daktari," Wariara akasema.

"Fomu ilikuwa na mahali pa kitambulisho," Kiplimo akajitetea. "Mimi nikiona mahali pa kitambulisho mkono unaenda peke yake. Kwani nyinyi mko aje?"

"Sisi hatuko hivyo," Hansadi akasema kwa madaha. "Mtu wa korti hawezi weka kalamu kwa karatasi hajasoma. Ndio maana siku zote nawaambia, msomaji haibiwi. Lakini fomu ya filamu iliingia aje kwa ofisi ya wadi?"

"Ilitoka huko huko. Walitaka ikae ya ukweli, iko na nembo na nambari. Wakaazima faili nzima ya barabara yetu. Wakimaliza wakairudisha."

"Wakairudisha?" Hansadi akavua miwani. Hilo lilimshtua kuliko sahihi. "Kitu kimetoka ofisi ya serikali, kikarudi? Watu wa wapi hao?"

"Nairobi."

"Basi tumekwisha. Mwizi angetuokoa. Angeenda na faili na hakuna mtu angejua. Sasa mtu mwaminifu amerudisha, karani ameona karatasi imejaa vizuri, ameweka kwa rekodi. Barabara ikazaliwa." Akatikisa kichwa kwa dharau nzito. "Haya yote kwa sababu ya mtu mmoja hajui kusoma kabla hajaandika. Lita, umetuuza kwa sekunde tatu za televisheni."

Kiplimo alitazama buti zake. Maneno hayo yalimchoma kwa sababu alikuwa amejiambia yale yale njia nzima, kilomita saba, huku maziwa yakisukasuka nyuma yake. Aliwafikiria watu wa zile boma kumi na moja aliotakiwa kuwafikia jioni na mitungi yao, na hakujua atawaambia nini.

"Kuna karatasi ya pili," akasema taratibu. "Mzee, geuza."

Hansadi akageuza. Akasoma kimya. Akasoma tena, akiisogeza karatasi mbali na macho, kisha karibu. Halafu akaikunja akaanza kuirudisha ndani ya bahasha.

"Hiyo si ya maana," akasema.

Wariara akainyakua. "'Majina ya wananchi waliohudhuria na kukubali mradi.' Moja mpaka arobaini. Ebu tuone. Kumi na saba." Akapaza sauti. "Nderitu! Kitambulisho! Nambari ya simu mbili! Mzee, wewe ulipeana mpaka ile simu ya mkeo!"

Nyani haoni kundule, na mzee Nderitu siku hiyo alionyeshwa lake mchana kweupe. Alishika kikombe kilichokwisha chai akakinywa hivyo hivyo.

"Niliona watu wamepanga laini," akasema mwishowe. "Kulikuwa na meza, na karatasi, na mtu anauliza kitambulisho. Nikadhani ni mbolea ya serikali. Mbolea ikikupita kwa orodha, utaipata wapi tena?"

"Msomaji haibiwi!" Rimoti akapiga kelele. "Mtu wa korti!"

"Rimoti, wewe ni nambari tisa," Wariara akasema.

Kicheko cha Rimoti kikakatika. "Ah, mathe, mimi niliambiwa ni ya vijana. Ati kuna fandi ya vijana."

"Nani alikuambia?"

"Mtu alikuwa mbele yangu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Sikumuuliza. Laini ilikuwa inasonga."

Kiplimo akanyoosha shingo. Hasira ilimrudia, na pamoja nayo nafuu ndogo. "Spika, soma nambari mbili. Halafu soma thelathini na moja."

Wariara hakusoma. Alisema tu, "Mimi nilidhani ni neti ya mbu."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili niliona laini imekuwa fupi nikadhani wanaongeza."

Mkurugenzi wa filamu alikuwa ameomba mtu mmoja tu wa kutia sahihi. Hao wengine wote hakuwaita mtu. Waliona meza na kalamu wakajileta wenyewe, na yule mkurugenzi akaona inapendeza, akaacha kamera iendelee.

"Ngoja!" Rimoti akaruka. "Ngojeni! Kama kamera ilikuwa inaendelea, basi iko kwa filamu! Episode ya mwisho! Ushahidi!"

Akaitafuta. Vichwa vinne vikakutana juu ya simu moja iliyopasuka kioo. Dakika ya arobaini na mbili, gavana wa Sarobo akashuka kwenye gari na suti ya bluu. Utepe ukakatwa. Na hapo, kwenye meza, Kiplimo na koti lake la Jumapili, paji la uso likimeta, akiandika ile nambari ya kitambulisho kwa bidii, ulimi umetoka kidogo. Nyuma yake laini. Ndani ya laini Hansadi, akijivuta mbele ya mama mmoja mwenye mtoto.

"Umempita huyo mama," Wariara akasema.

"Hiyo ni kamera tu."

"Piga simu," Rimoti akamwambia Kiplimo. "Pigia yule madam wa ofisi ya wadi, umwambie tuko na video."

Kiplimo akapiga, akaweka sauti wazi wote wasikie. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliona kuna mlango.

"Madam Wangui, habari ya mchana. Ni Kiplimo, wa barabara ya Kwa Mbirika."

"Ooh, mwenyekiti! Hongereni kwa barabara."

"Madam, hakuna barabara."

"Mwenyekiti, cheti niko nacho hapa."

"Hiyo cheti ilikuwa ya filamu, madam. Ya Kiti cha Sarobo. Niko nayo hapa kwa simu, najiona nikiweka sahihi, na gavana amesimama kando yangu. Huyo si gavana wetu. Ni muigizaji."

"Kiti cha Sarobo? Season two? Aki hiyo ni tamu. Nilimaliza yote weekendi." Wakamsikia akisogeza kiti. "Sasa mwenyekiti, fanya hivi. Rudisha mpaka mwanzo kabisa, kabla jina halijatokea. Kuna maandishi meupe. Nisomee."

Rimoti akarudisha. Akasoma kwa sauti iliyozidi kufifia. "'Watu, mahali na matukio yote katika tamthilia hii ni ya kubuni. Yakifanana na ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa, ni bahati tu.'"

"Mmesikia?" Madam Wangui akasema. "Kwa hivyo huyo mnamuona hapo si mwenyekiti. Wamefanana tu."

"Madam, ni mimi! Hiyo koti ni yangu!"

"Hata koti imefanana. Mwenyekiti, mimi siwezi enda kwa mkutano wa bajeti nikabeba koti. Filamu wenyewe wameandika ni uwongo. Mimi niko na karatasi, na karatasi iko na kitambulisho chako."

"Lakini hiyo karatasi ndio iko ndani ya filamu!"

"Hapana. Ile ya ndani ya filamu imefanana na hii."

Hansadi, aliyekuwa amesikia mawakili wa kila aina, alifunga macho kama mtu anayesikia wimbo mzuri.

"Si kwamba nawafungia mlango," Madam Wangui akaendelea. "Leteni barua ya kuikataa barabara. Waliokubali walikuwa arobaini, watakaokataa wasipungue arobaini. Jina, kitambulisho, sahihi. Kabla ya saa kumi na moja nifunge orodha. Siku njema, na msalimie mama."

Simu ikakatika.

"Huyo," Hansadi akasema, "ndio walifaa kumpa kazi ya kuandika season two. Ingekuwa kali."

Ilikuwa saa saba kasorobo, na kwa bahati ilikuwa siku ya soko. Hansadi akaitisha karatasi ya daftari, akaandika barua kwa mwandiko wa korti. Juu yake akapiga mstari: YAHUSU: BARABARA AMBAYO HAIPO. Chini akaeleza kwamba wananchi wa Kwa Mbirika hawajawahi kupokea barabara, wanaomba majina yao yaondolewe kwenye cheti, na greda iletwe. Karatasi ya pili akaipigia mistari, moja hadi arobaini. Wa kwanza kutia sahihi akawa Kiplimo. Hansadi aliisoma barua aliyoiandika mwenyewe mara tatu kabla ya kutia yake. Rimoti akatia. Wariara akatia, mara moja.

Zilibaki thelathini na sita. Kiplimo akapanda juu ya kreti ya soda akaisoma barua yote kwa sauti, kama inavyotakiwa, ili mtu ajue anachotia sahihi. Watu wa soko wakasogea. Alipofika kwenye neno "tunakataa" wakaanza kurudi nyuma.

"Hiyo ni ya kukataa serikali?" mwanamume mmoja aliyeshika kuku akauliza.

"Ni ya kukataa uwongo."

"Si ni kitu moja?" yule akasema, akaondoka na kuku wake.

"Mimi nilitia sahihi ya kukubali," mama wa viazi akasema. "Nikitia ya kukataa, watasema sina msimamo."

"Mama, barabara si uliiona ikivunjwa na macho yako?"

"Niliiona. Lakini mtoto wangu anangojea basari ya karo. Huko kwa ofisi wakisoma majina ya wale wanasumbua, nitasema nini?"

Mwingine akasema ameacha chapati kwenye moto. Mwingine akasema atarudi baada ya kuuza kabichi. Kiplimo alisoma barua mara tano, koo likamkauka, na kufika saa nane na nusu alikuwa na sahihi saba. Alishuka kwenye kreti. Aliwachukia kidogo, kusema kweli. Kila jioni watu hao hao walimlaumu kwa maziwa yaliyorudi, na sasa anawasomea dawa na wanakimbia kana kwamba anauza ugonjwa. Aliitazama ile mitungi mitatu kwenye pikipiki, nzi wameshaanza kuizunguka.

Kisha akaacha kusoma.

Alichukua meza ndogo ya Wariara akaiweka kando ya barabara. Akaikunja barua ya Hansadi akaisukuma chini ya daftari, ikabaki ile karatasi ya mistari na nambari tu. Akaketi. Akaweka kalamu juu ya karatasi. Halafu akamwita Rimoti, kwa sauti kubwa na ya kiofisi, ambayo hata yeye hakujua anayo.

"Wewe! Uko na kitambulisho?"

Rimoti alimtazama kidogo, akaelewa. Akasimama mbele ya meza, akatoa kitambulisho, akainama kujifanya anaandika. Ikatosha. Mama wa viazi aligeuza kichwa. Mwanamume wa kuku akarudi. Mtu akauliza, "Kunaandikishwa nini hapo?" na mwingine, asiyejua lolote, akajibu, "Sijui, lakini wanataka kitambulisho." Kabla Wariara hajachemsha chai nyingine, laini ilikuwa imefika kwa mshona viatu, na mshona viatu mwenyewe alikuwa ndani yake.

"Lita," Hansadi akanong'ona, akiinama sikioni mwake. "Hawa hujawaambia."

"Niliwaambia, mzee. Wakaenda."

"Hata hivyo."

"Hata hivyo nini? Mzee, uko na njia ingine?"

Hansadi hakuwa nayo. Akarudi kwenye benchi akakaa. Kiplimo alikuwa na haya, haya ya kweli, lakini hakuinua macho. Ishirini. Ishirini na sita. Thelathini na moja. Saa tisa na dakika tano. Mlima ule, mpaka ofisi ya wadi, ulitaka mwendo wa saa moja na nusu, kama Mungu angependa.

Wa thelathini na mbili alikuwa Mama Jepleting, mwenye moja ya zile boma kumi na moja. Alishika kalamu, akaitazama karatasi, kisha akamtazama yeye.

"Kijana wangu," akauliza, "hii ni ya mbolea?"

Kiplimo akaivuta karatasi kidogo, akamwonyesha mstari wake.

"Hiyo inashughulikiwa, mama," akasema. "Sahihi hapa."